Bila Chaki Hakuna Kukata

Mimi siwezi kuita wateja. Nimejaribu, nimeshindwa. Mama yangu anauza samaki wakavu sokoni, na yeye akisema tu, "Baba, njoo utazame ngege huyu, alikuwa anakungoja wewe," mtu aliyekuwa anakimbilia basi anasimama. Mimi nikifungua mdomo, sauti inaishia kwenye meno. Nilipoanza kushona nilikaa kwenye safu ya mafundi nyuma ya soko. Wenzangu walipiga makofi, walivuta watu mikono ya mashati, walitania wake za watu. Mimi niliinamia cherehani yangu kama mtu mwenye kazi nyingi, na kazi sikuwa nayo.

Ndipo nikahamia kwa mvule.

Mvule huo uko kwetu Busia, upande wa Uganda, kando ya barabara inayotoka mpakani. Ni mti mnene, mrefu kuliko nyumba zote za hapo, na kila mtu anautumia kuelekeza watu. Shuka kwa mvule. Lori limeharibika karibu na mvule. Mtoto amepotea, ameonekana kwa mvule. Watu wa Kenya wanaovuka asubuhi kuja kuuza, hata wasiojua jina la mtaa wowote wa kwetu, wanajua mvule.

Nilipoweka cherehani yangu chini yake, nilipata kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho. Mtu akinunua suruali ya mitumba inayomzidi kiuno, aliyemuuzia anamwambia, "Peleka kwa mvule, kuna msichana anapunguza." Basi mtu anakuja mwenyewe, nguo iko mkononi. Sina haja ya kupiga makofi. Mti unaniitia watu, mimi ninashona. Ndiyo maana siku walipokuja kuuangusha sikuweza kukaa kimya, ingawa kukaa kimya ndicho kitu ninachokijua vizuri.

Lakini kwanza nieleze habari ya chaki.

Kwetu, upande wa Uganda, hatusumbuki sana na ngeli. Kila kitu tunakiita kwa "i". Suruali ikatwe, mkate ikatwe, kitanda ikatwe, mti ikatwe. Shule ya msingi nilisoma ng'ambo, upande wa Kenya, nikivuka kila asubuhi na sare yangu, na huko mwalimu alinirudisha kwenye ngeli mpaka machozi yakanitoka. Kwa hiyo ninazijua namna zote mbili za Kiswahili, ya shule na ya nyumbani. Kazini ninatumia ya nyumbani, kwa sababu ndiyo inayoleta suruali.

Shida yake ni moja. Mteja anakutupia nguo mezani, anasema, "Ikatwe," anaondoka. Ikatwe nini? Mwingine anataka miguu ifupishwe. Mwingine anataka kiuno kipunguzwe. Mwingine anataka suruali igeuzwe kaputula. Na kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Mama aliyenifundisha kushona alitoka Rubongi. Huko alikuwa anapunguza sare za askari wa kambini, na askari, alisema, ni watu ambao hutaki kuwaharibia suruali. Alinipa sheria yake siku ya kwanza kabla hajaniruhusu hata kutia uzi kwenye sindano. "Mpe mwenye nguo chaki. Achore mwenyewe, kwa mkono wake. Asipochora, usishike makasi. Bila chaki hakuna kukata."

Watu wananicheka kwa hiyo sheria. "Wewe msichana, mimi ni mwalimu wa cherehani yako? Kata bwana!" Ninawanyooshea chaki bila kusema neno. Wengine wanachukua nguo zao wanaondoka kwa hasira. Waache waende. Wanaobaki wanachora, na nguo zao zinawakaa.

Sasa, nyuma ya mvule kuna duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ni mtu mkubwa hapo kwetu, mwenye sauti, mwenye mabati na rangi na misumari. Zamani hakuwa na neno na mti. Wateja wake waliegesha mikokoteni kivulini, na yeye mwenyewe alikuja kupunga upepo pale mchana. Halafu msimu wa mvua tawi moja kavu likaanguka juu ya paa lake, likapasua bati, maji yakaingia kwenye saruji. Saruji ilipogeuka mawe, naye roho yake iligeuka jiwe. Sitamsingizia, hasara aliipata kweli. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akipita anaupiga mti kofi kama mtu anayempima ng'ombe wa kuchinja. "Hii mti itatoka," anasema. "Tena mbao yake ni nzuri."

Mti wa kando ya barabara hautoki kwa kofi. Hiyo nilikuja kuijua siku afisa wa mazingira wa mji alipokuja kuutazama. Alikuja na pikipiki, amevaa gambuti, mama wa makamo asiyecheka ovyo. Alizunguka shina, akaligonga kwa kiganja, akachungulia mizizi, akatazama juu huku amekinga macho. Watu tukakusanyika. Akasema kwa sauti ili tusikie sote kwamba mti wa barabarani ni wa mji, si wa mwenye duka lililo mbele yake. Na mvule, hata uwe umeota ndani ya uwanja wako mwenyewe, huukati bila kibali. Kupunguza matawi ni jambo moja, afisa anakuja anatazama. Kuangusha mti mzima ni jambo lingine, lazima uwe mgonjwa au uwe hatari kwa watu, na wakubwa wakae chini waamue.

"Na hii haina ugonjwa," akasema. "Hii haitoki. Ile inagusa waya, ikatwe. Basi."

Akaonyesha juu kwa kidole.

"Ile ipi, nyabo?" mwenye duka akauliza, akimwita mama kwa heshima sana.

"Ile," akasema afisa, akapanda pikipiki yake.

Mimi nilikuwa nashona marinda ya sketi ya shule. Niliona kidole kilipoelekea. Kilielekea kwenye matawi, juu kule waya za umeme zilipo.

Baada ya siku chache akaja fundi wa pawa, yaani msumeno wa injini. Mwenye duka alimwita kutoka upande wa Kenya, yeye na mwenzake aliyebeba kamba begani. Walikuwa watu wa utani. Walinisalimu vizuri, wakaniomba nisogeze meza kidogo wasije wakaniangushia vumbi. Nikasogeza. Nilijua wamekuja kwa matawi.

Mwenye duka akatoka. Akainama, akagusa shina, chini kabisa, usawa wa goti.

"Hapa," akasema.

Mguu wangu ukasimama kwenye cherehani.

Fundi akatazama shina, akatazama juu, akatazama tena shina. "Mzee, hapa si ndio mti wote unaenda?"

"Ndiyo. Afisa amesema ikatwe."

"Ikatwe?"

"Ikatwe."

"Lakini afisa alisema nini? Mti ukatwe ama matawi yakatwe?"

"Ikatwe! Husikii?"

"Buda, 'ikatwe' ni miti," fundi akasema, akihesabu hewani kwa kidole. "Miti mingi. Mimi naona mmoja. Hiyo ingine iko wapi?"

Waendesha bodaboda waliokuwa wameegesha pale wakacheka. Mmoja akaanza kutafuta miti mingine chini ya kiti cha pikipiki yake.

"Nyinyi watu wa Kenya na Kiswahili yenu!" mwenye duka akapaza sauti. "Tumekuja kukata mti ama tumekuja kufanya mtihani? Washa mashine!"

Fundi akashika kamba ya kuwashia.

Nilisimama. Sikumbuki kuamua kusimama. Nakumbuka kwamba chaki ilikuwa mkononi, kwa sababu nilikuwa nayo tangu asubuhi, na kwamba niliisukuma cherehani yangu mpaka meza ikagusa shina pale pale alipoonyesha, nikaketi. Ili msumeno upite, lazima upite kwangu.

"Siste, si utoke hapo," fundi akasema. "Hii kitu haina macho."

"Afisa alisema matawi," nikasema.

"Anasema nini huyo?" mwenye duka akauliza watu, kama vile mimi siko.

"Amesema afisa alisema matawi," bodaboda mmoja akamtafsiria. Sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi hicho.

"Nani amemuuliza? Wewe shona nguo zako."

Nikamnyooshea fundi chaki. "Bila chaki hakuna kukata."

Wakacheka tena, safari hii kunicheka mimi. Waliniona kila siku nikifanya hivyo kwa suruali. Siku nyingine yoyote ningeinama nisiinuke. Lakini nilipoinama niliona shina ubavuni kwangu, na nikawaza pale pakiwa wazi: jua, barabara, na mimi nyuma ya soko tena, katikati ya watu wanaopiga makofi. Sikuinama tena.

Fundi hakucheka sana. Alitazama chaki, akautazama msumeno wake. "Anasema ukweli huyu," akamwambia mwenzake. "Sisi hapa tuko nchi ya wenyewe. Polisi wakishika mashine, itabaki huku, tutavuka na kamba tu."

"Chaki?" mwenye duka akasema. "Ni chaki tu mnataka?" Akaninyang'anya, akachora mstari mrefu mweupe kwenye shina, juu ya meza yangu. Akatupa chaki kwenye sketi nilizokuwa nashona. "Haya. Chaki iko. Kata."

Nilihisi kwamba nimeshindwa kwa sheria yangu mwenyewe. Kisha nikamsikia yule mama wa Rubongi kichwani, jinsi alivyosema. Hakusema tu chaki. Alisema mwenye nguo.

"Chaki ni ya mwenye nguo," nikasema. "Jirani hachori."

"Jirani? Mti iko mbele ya duka yangu!"

"Hata mimi niko mbele ya duka yako. Mimi ni wako?"

Sijui yalitoka wapi. Bodaboda walipiga kelele, "Eeeeh! Mzee, jibu hiyo!" Mmoja alipiga honi. Mwanamke aliyekuwa anachoma mahindi ng'ambo ya barabara aliacha mahindi yake yaungue ili aje asikie.

Mama yangu alikuwa ameshaitwa. Alikuja mikono yake ikinuka samaki, akapenya katikati ya watu, akanishika bega. Na mama, ambaye sauti yake inasikika mpaka geti la mpaka, alininong'oneza. "Mwanangu, toka. Huyu ni mtu mkubwa. Utatuletea maneno."

"Maneno yameshakuja, mama."

"Toka, nakuomba."

"Sitoki."

Nilisema kwa nguvu, yeye alisema kwa kunong'ona. Nadhani sote wawili tuliliona hilo. Alinitazama, kisha akavuta ndoo ya mtu, akaigeuza, akaketi karibu yangu. Hakusema kwamba ananiunga mkono. Alisema tu miguu inamuuma.

Bodaboda mmoja alikuwa na namba ya afisa, kwa sababu ndiye aliyemwelekeza siku ile. Akapiga, akaweka sauti kubwa. Afisa alikuwa Tororo mkutanoni, tulisikia viti vikiburuzwa.

"Mimi nilisema ile ikatwe," simu ikasema.

"Mmesikia!" mwenye duka akaruka. "Kwa mdomo wake! Ikatwe!"

"Nyabo," nikaiambia simu, "ikatwe ipi?"

"Ile!"

"Nyabo, huku hatuoni kidole chako."

Kisha akauliza, pole pole, "Wako na pawa hapo?"

"Ndiyo, nyabo. Chini ya mti."

"Wangoje. Mtu asiguse. Nakuja."

Kutoka Tororo si karibu. Jua likapanda. Mwenye duka aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Alisema mimi ni mtoto wa kutoka Lunyo tu, nimekuja mjini juzi, sasa nataka kufundisha watu mji. Ni kweli baba yangu alitoka Lunyo, na shamba letu liko huko. Lakini nilizaliwa Busia. Nilijua nikianza kumjibu kila neno nitachoka kabla afisa hajafika, na kazi yangu ilikuwa kukaa, si kushinda maneno.

Fundi wa pawa aliona aibu kukaa bure. Akavua koti lake la kazi, mfuko ukiwa umechanika. "Siste, kwa vile umetufunga hapa, si unishonee." Akachukua chaki bila kuambiwa, akachora mahali mfuko unapotakiwa kushikwa. "Ona. Nimejifunza." Nikamshonea nikiwa nimegusa shina kwa bega. Shina la mvule lina joto mchana, kama ukuta wa jiko baada ya mkate kutoka. Sikuwahi kulijua hilo, kwa sababu sikuwahi kuuegemea. Nilikuwa nautumia tu.

Afisa alipofika hakuuliza habari. Aliona meza yangu, aliona mstari mweupe kwenye shina. Akauliza kitu kimoja.

"Nani amechora hii?"

Watu wote walitazama duka. Mwenye duka akasema alifikiri, alielewa, Kiswahili ni kigumu. Afisa alilamba kiganja, akaufuta ule mstari, akasugua mpaka ukabaki ukungu tu.

Nikamnyooshea chaki. Aliitazama kama mtu aliyepewa kijiko bila chakula. "Mwenye mti achore," nikamwambia. "Ndiyo sheria yangu."

"Mti ni ya mji."

"Basi wewe chora kwa niaba ya mji."

Nadhani alitaka kucheka. Lakini yeye si mrefu, na matawi yako juu. Ikabidi mwenzake fundi apande na kamba, chaki ikiwa kinywani kama sigara, na afisa asimame katikati ya barabara akimwelekeza, malori yakimpigia honi.

"Hiyo?"

"Hapana. Ile ingine."

"Hii hapa?"

"Songa. Songa. Hapo! Chora hapo, karibu na shina, usiache kisiki cha kuoza. Kutoka hapo kwenda nje ikatwe, upande wa shina mtu asiguse."

Yule mtu akachora. Nikatazama alipokaa.

Lilikuwa tawi langu. Lile pana, la chini kuliko yote, lililonyooka kwenda barabarani, likigusa waya kwenye ncha yake. Kivuli changu chote cha adhuhuri kilitoka kwenye tawi lile. Siku ile ya kidole sikuona ni lipi hasa. Niliona tu kwamba ni juu. Na mwenye duka aliliona jambo hilo wakati ule ule nilioliona mimi. Akaanza kucheka, pole pole, kwa tumbo.

"Si ulitaka chaki?" akasema. "Chaki ndiyo hiyo. Haya, fundi wa nguo, sema sasa. Ikatwe ama isikatwe?"

Watu wakanigeukia. Hata afisa alinigeukia. Fundi alikuwa ameshika msumeno, ananitazama kama mteja anayengoja.

Mama akaninong'oneza, "Mwambie waya iko mbali. Mwambie apime tena."

Haikuwa mbali. Majani yalikuwa yameungua pale yalipogusa. Na mimi nilikuwa nimekaa pale tangu asubuhi nikisema kwamba anayeamua ni mwenye mti, si aliye karibu nao. Mimi pia nilikuwa jirani tu.

"Ikatwe," nikasema.

Nilisogeza meza yangu mwenyewe. Pawa ikalia. Tawi lilishushwa kwa kamba, vipande vipande, na penye jeraha utomvu mweupe ukatoka kama maziwa ya mama. Lilipokwisha, jua likaanguka mahali pangu lote kwa pamoja, nikakunja macho. Halafu nikatazama juu. Mvule ulikuwa pale. Umepunguzwa upande mmoja, kama shati lililobanwa kwapa, lakini pale pale.

Siku hizi ninafanya kazi kwa kuzunguka. Asubuhi niko upande wa barabara, adhuhuri ninavuta cherehani nyuma ya shina, karibu kabisa na mlango wa duka, kwa sababu kivuli kiko huko. Mwenye duka hapendi. Aliniambia nimeziba njia. Nikamwambia amwite afisa, aje na chaki. Alisema mti itatoka, kama si mwaka huu basi ujao, na mimi nitatoka nayo. Nikamwambia mimi niko hapa kila siku isipokuwa Jumapili, na pawa haifanyi kazi kimya kimya.

Bado siwezi kuita wateja. Wanaulizana wenyewe, wanakuja kwa mvule.

Juzi mfanyakazi wa duka alikuja na suruali, nzuri, ya kitambaa kizito, haina alama yoyote. Akaiweka mezani. "Bosi amesema ikatwe."

Nikaikunja vizuri, nikaweka chaki juu yake, nikamrudishia. Nilimsikia mwenye duka ndani akigomba, mabati yakilia. Nikaendelea na kazi ya mtu mwingine. Baada ya muda mlango ukafunguka, akatoka yeye mwenyewe amevaa ile suruali, miguu ikiburuza mavumbini, chaki mkononi. Hakunisalimu. Aliinama kwa shida, tumbo likimzuia, akachora mstari kwenye mguu mmoja, halafu kwenye mwingine.

Nikakata hapo alipochora.